Watu wa Boda na Njia za Baiskeli za Toronto

Wasomaji wetu watukufu, wenye asili ya Bulumbi, Busia na Tororo, pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya, ambao majaaliwa yamewaleta kutafuta maisha katika jiji hili la Toronto, baadhi yenu mmetuuliza kwa nini jarida la jumuiya, ambalo kwa desturi huandika habari za misiba, arusi, ada za shule na mkutano wa mwaka, limejitia katika ugomvi wa barabara baina ya serikali ya jimbo la Ontario na waendesha baiskeli. Swali hilo ni la haki, nasi tunalijibu kwa urefu, maana hatuwaoni watu katika jiji hili wanaostahili kulisemea jambo hili kutushinda sisi.

Neno boda boda, ambalo leo hutamkwa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam na watu wasiopata kuiona Busia hata siku moja, lilizaliwa kwetu. Katika miaka ya 1960 na 1970, vijana wa mpakani walifunga kiti cha mto juu ya keria ya baiskeli, wakasimama penye kituo cha forodha wakinadi "boda! boda!", yaani kutoka mpaka hadi mpaka, na kwa ujira mdogo wakamvusha msafiri na mzigo wake katika ile ardhi isiyo ya huku wala ya kule, ambayo gari halikuipita ila kwa karatasi chungu nzima. Hali kadhalika ndugu zetu wasiojiweza miguu walijipatia heshima na riziki palepale, wakivusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazosukumwa kwa nguvu za mikono. Na aliyewaona wakipanda na shehena yao katikati ya malori hatasema kwamba baiskeli ni kitu cha mchezo.

Mwandishi wa tahariri hii amelelewa kwa fedha za kiti kimoja cha namna hiyo. Kilijazwa sufi, kikashonewa gunia, na juu ya gunia ngozi ya bandia nyekundu iliyopigiliwa misumari midogo; na kila alfajiri baba alikipangusa kwa kitambaa ambacho hakukitumia kwa kazi nyingine yoyote, kwani, alikuwa akisema, mama anayekwenda sokoni amelipa ili nguo yake ifike safi. Barabara haikuwa na ukingo wa kumhifadhi. Lori lilipompigia honi kwa nyuma, aliteremka majanini pamoja na abiria wake, naye abiria ameketi upande, kapu la samaki mapajani. Na siku moja majani yale yalikuwa yameficha shimo. Kovu la goti lake la kushoto, ambalo sisi watoto tulilizoea kama tunavyozoea alama ya ndui, ndilo lililotufundisha maana ya njia ya baiskeli kabla hatujaiona njia hiyo kwa macho.

Ama hapa tulipo, mwezi wa Oktoba 2024, serikali ya Waziri Mkuu wa jimbo, Doug Ford, ilipeleka bungeni mswada nambari 212, ukawa sheria tarehe 25 Novemba mwaka uo huo, ukiizuia miji isitoe sehemu ya barabara ya magari kwa ajili ya baiskeli bila ya idhini ya jimbo, na kuagiza ziondolewe njia zilizokwisha jengwa katika barabara tatu kubwa za Toronto, Bloor, Yonge na University, ambazo jumla yake yakaribia kilomita 19. Njia hizo zilijengwa kwa dola milioni 27; kuzibomoa, kwa makisio ya maofisa wa jiji, kungegharimu dola milioni 48. Sababu iliyotolewa ni kupunguza msongamano wa magari. Lakini kilichotushtua kuliko fedha ni kifungu kilichoongezwa mswada ukiwa bado bungeni, kwamba mtu atakayeumia kwa sababu njia hizo zimeondolewa asiwe na ruhusa ya kuidai serikali fidia. Mwenye kutunga sheria akiandika maneno kama hayo, maana yake amekwisha kuwaona majeruhi katika fikira zake, akajikinga yeye kabla ya kuwakinga wao.

Mwaka huo wa 2024 waendesha baiskeli 6 waliuawa katika barabara za Toronto. Mmoja wao, mwanamke kijana, alikuwa akipita Bloor mwezi wa Julai, akakuta njia ya baiskeli imezibwa na pipa kubwa la takataka za ujenzi, akalazimika kuingia kwenye magari, akagongwa na lori. Pipa hilo ni kama lile shimo lililofichwa na majani, isipokuwa huyu hakubaki na kovu.

Watu wa jiji hawakunyamaza. Walikusanyika kwa baiskeli zao mbele ya bunge la jimbo, Queen's Park, katika baridi. Baraza la jiji likapinga, na Meya Olivia Chow, ambaye mwenyewe ni mpanda baiskeli, akapinga. Na chama cha Cycle Toronto, kikitetewa na mawakili wa Ecojustice, kikafungua kesi pamoja na raia wawili, mmoja wao akiwa mpeleka vifurushi ambaye baiskeli ndiyo kazi yake. Aprili 2025 Jaji Paul Schabas alizuia ubomoaji mpaka hukumu itolewe, na tarehe 30 Julai 2025 akatoa hukumu kwamba amri ile ya kuondoa njia inakiuka kifungu cha 7 cha Mkataba wa Haki na Uhuru wa Kanada, kinacholinda uhai, uhuru na usalama wa mtu. Hakusema kwamba kila raia ana haki ya kujengewa njia ya baiskeli. Alisema kwamba serikali haiwezi kuwatia watu katika hatari ya kifo kwa kuondoa kinga iliyopo, ilhali ushahidi, pamoja na shauri la wataalamu wa serikali yenyewe, hauonyeshi kwamba msongamano utapungua kwa kufanya hivyo. Jimbo likatangaza kwamba litakata rufaa.

Sasa tunawaelekea ndugu zetu madereva wa teksi na wa malori, ambao ni wengi katika jumuiya, na ambao katika mkutano uliopita walisema kwa uchungu kwamba Bloor imekuwa nyembamba na mafuta yanaungua mtu akiwa amesimama. Hatuwadharau, saa ya dereva ni chakula cha watoto wake. Lakini tunawaomba wahesabu kwa insafu. Katika foleni hiyo ya Bloor kuna gari linaloteremsha mizigo penye marufuku, kuna jengo linalojengwa ambalo limekula nusu ya barabara, na kuna magari mengi yenye mtu mmoja mmoja ndani. Kila mpanda baiskeli anayekupita pembeni ni gari moja ambalo halikusimama mbele yako. Mwondolee njia yake, naye ama atarudi katika foleni akiwa na gari, ama ataendesha katikati ya njia yako, mbele ya bampa lako, usiku, katika mvua, nawe ndiwe utakayebeba maisha yako yote yale yatakayotokea.

Husemwa pia kwamba baiskeli ni jambo la kiangazi na la watu wenye nafasi. Aliyesema hivyo hajasimama University Avenue kabla ya saa moja ya asubuhi, mwezi wa Januari, mahospitali yanapobadilisha zamu. Wamo dada zetu wauguzi na wafagiaji, wamejifunga mitandio hadi puani, taa ndogo nyekundu zinamemeta nyuma ya viti vyao, na kati yao na magari pana ukingo wa zege usiofika magotini. Wamo na vijana wetu wanaosoma mchana na kupeleka chakula usiku. Wengi wao hukopa ili kununua baiskeli, kama baba zao walivyokopa Busia.

Najua ipo haya ya ugeni, inayotufanya tuone kwamba mambo ya barabara ni ya wenyeji, na sisi kazi yetu ni kulipa kodi na kunyamaza. Lakini mjumbe wa jimbo anapopokea barua kumi kutoka kwa watu wanaomweleza habari za Busia, za watu walioishi kwa baiskeli na za goti lililoumia kwa kukosa ukingo, amepewa ushahidi ambao mawakili hawanao. Kwa hiyo kamati imeandaa barua ya mfano, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nayo itapatikana kwa katibu katika mkutano wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kila mtu aongeze maneno yake mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Na madereva wasiokubaliana nasi watuandikie pia. Barua zao zitachapwa katika toleo lijalo, kamili, bila ya kupunguzwa.