Mtoto Asiwe Akiba

Mtoto anapoonekana shambani saa za masomo, wengi wetu hukimbilia kumlaumu mzazi. Husemwa kwamba haithamini elimu. Twasema lawama hiyo ni nyepesi mno, na ushahidi wa kuikanusha umetoka katika mashamba yetu wenyewe.

Kati ya mwaka 1991 na 1994, kaya zaidi ya 900 za Mkoa wa Kagera zilitembelewa mara kwa mara na wadadisi, zikaulizwa habari za mavuno, magonjwa, masomo na kazi za kila mtu nyumbani. Bibi Kathleen Beegle, mtaalamu wa uchumi wa Benki ya Dunia, alifanya kazi ya miaka mingi juu ya majibu hayo. Mwaka 2006, yeye na wenzake, Rajeev Dehejia na Roberta Gatti, walitangaza waliyoyaona: mazao yalipoharibika, saa za kazi za watoto ziliongezeka. Lakini nyumba zenye mali zililistahimili pigo hilo bila kuwatwisha watoto mzigo sawa na huo.

Maana yake iko wazi. Mwenye kitu huuza kitu, au hukopa. Asiye nacho hukopa utoto wa mwanawe.

Deni hilo hulipwa na nani? Watafiti hao watatu waliwachungua pia watoto wa Vietnam waliochanganya kazi na masomo. Baada ya miaka mitano walikuwa wamebaki nyuma kielimu. Ni kweli kwamba walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata kazi ya mshahara, na madhara machache tu yalionekana katika afya zao. Hatuna sababu ya kuificha habari hiyo, maana ndiyo inayotueleza kwa nini mzazi hushawishika: faida ya kazi huonekana leo, hasara ya elimu huonekana kesho.

Na pigo si la mazao peke yake. Mwaka 2004 watu wa kaya zile za Kagera walitafutwa tena. Utafiti ulionyesha kwamba kufiwa na mama utotoni kulimpunguzia mtoto, kwa wastani, mwaka mmoja wa masomo na sentimita 2 za kimo. Msiba wa siku moja ulibaki mwilini maisha yote.

Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Twaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini sheria haifukuzi wadudu shambani, wala haimponyi mama mgonjwa. Hakimu hawezi kufanya kazi ya ghala.

Kwa hiyo hatuna budi kuanza mapema. Vyama vya ushirika na vya kuweka na kukopa viwe na fungu la dharura, litolewe wiki ile mazao yanapoharibika, si baada ya msimu kupita. Mfanyakazi wa mjini aliyeacha ndugu kijijini aulize, kabla ya kulaumu, kama nyumba ile ina chakula. Na kila mwanachama aulize katika mkutano wa tawi lake: mvua zikikosa mwaka huu, nani atakayeacha shule?

Wahenga walisema akiba haiozi. Tujiwekee akiba basi, ndugu, ili mtoto asiwe ndiye akiba yenyewe.