Mwenye kamera Geita: analipwa na nani, na picha inabaki kwa nani?



Leo tuziache kidogo siasa za Dodoma. Twende Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Geita, kule dhahabu inakochimbwa mchana na usiku. Ila dhahabu yenyewe sio mada. Mada ni yule jamaa mwenye kamera.

Ukikaa Geita mjini, Kahama au Kakola lazima umeshamwona. Zahanati ikizinduliwa yupo. Madawati yakikabidhiwa yupo. Waziri akija kutembelea mgodi, yupo mbele anarudi kinyumenyume na kofia ngumu kichwani. Sio mwandishi wa habari. Sio mwajiriwa wa mgodi. Ni deiwaka wa picha za video. Leo kazi ya mgodi, kesho ya mkandarasi, Jumamosi harusi.

Hoja yangu ni fupi. Picha nyingi za kazi za migodi tunazoonyeshwa zimelipiwa, na anayelipa ndiye anayeamua nini kionekane. Anayezipiga naye, mara nyingi, mzigo ukishakabidhiwa habakiwi na kitu. Mambo haya mawili yanaumiza watu wengi kuliko tunavyodhani.

KAZI INATOKA WAPI

Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Geita ikawa mkoa mwaka 2012. Halafu ukaja mwaka 2017. Serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje, ripoti za kamati mbili za Rais Magufuli zikasomwa mubashara kwenye TV, nchi nzima ikakodoa macho. Mwaka huohuo Sheria ya Madini ilibadilishwa, na mwenye leseni akatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Kanuni za 2018 zikaongeza kwamba Watanzania wapewe kipaumbele kwenye huduma zinazouzwa migodini.

Sasa fikiria. Kila darasa, kila kisima, kila zahanati ikawa na watu wawili au watatu wanaotaka ionekane: mgodi, halmashauri na mkandarasi. Ongeza maonesho ya teknolojia ya madini yanayofanyika Geita kila mwaka tangu 2018. Ongeza soko la dhahabu lililofunguliwa Geita Machi 2019. Ongeza Geita Gold iliyopanda Ligi Kuu 2021 na kushuka 2024. Yote hayo ni kazi za kamera.

Lakini kazi inayokuja na mgodi huondoka na mgodi. Buzwagi ilifunga uzalishaji mwaka 2021. Vijana wa Kahama waliozoea kula kupitia pale, kuanzia mama lishe hadi mpiga video, walilazimika kutafuta pengine.

GETINI

Wanaodhani kazi hii ni kubonyeza kitufe tu, wasome hapa.

Kwenye mgodi mkubwa huingii na kamera kama unaingia sokoni. Kwanza jina lako linatakiwa liwe limetangulia. Unapewa mafunzo ya usalama, unapulizia kipima ulevi, unavaa buti zenye chuma, miwani na koti la kuakisi mwanga. Vifaa vinaandikwa kimoja kimoja. Ukishaingia unatembea na mwenyeji. Huyo anakuambia piga huku, usipige kule. Wakati wa kulipua miamba hakuna cha picha wala nini, unakaa pale ulipoambiwa.

Droni nayo ina mlolongo wake. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na mgodi nao una masharti yake. Ukitaka kupiga filamu rasmi kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 na Bodi ya Filamu. Ukitaka kurusha mwenyewe kwenye TV ya mtandaoni, tangu 2018 kuna leseni ya TCRA. Kila mlango una karatasi yake, na karatasi nyingi zina hela yake.

HELA

Mgodi haumlipi mtu kwa sababu tu anajua kushuti. Unalipa muuzaji aliyesajiliwa, mwenye TIN, leseni ya biashara na risiti ya EFD. Kijana wa mtaani hana vyote hivyo. Kwa hiyo kazi inachukuliwa na kampuni ya Mwanza au Dar, halafu yeye anapigiwa simu usiku: "Dogo, kesho uko wapi?"

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kampuni imepata kazi kwa 3,000,000. Dogo anapewa 600,000 kwa siku tatu za kushuti na wiki nzima ya kuediti. Humo humo kuna nauli, chakula, kukodi lenzi na mafuta ya jenereta umeme ukikatika. Akilipwa kihalali, inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani 30,000. Halafu anaambiwa asubiri mgodi umlipe mwenye kampuni. Siku 30. Siku 60. Wakati huo mteja amesharudisha video mara nne: badilisha muziki, toa sura ya yule bosi aliyehamishwa, ongeza nembo.

Sio kwamba mwenye kampuni ni mwizi. Naye ana karatasi, ana kodi, ana mtaji uliolala. Ila mwisho wa mnyororo wote hatari imebebwa na mmoja, yule mwenye kamera. Ikidondoka ni yake. Vumbi likiingia kwenye lenzi ni lake.

PICHA INABAKI KWA NANI?

Hapa ndipo penye uzito. Video inayotoka ni ya dakika tano. Alichopiga kinaweza kuwa saa nane. Hizo saa nyingine zinaenda wapi? Anakabidhi diski nzima, au anafuta apate nafasi ya harusi ya Jumamosi.

Mtasema, kwani shida iko wapi? Turudi nyuma kidogo.

Julai na Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kupisha mgodi. Kukawa na madai kwamba zaidi ya watu 50 walifukiwa mashimoni wakiwa hai. Serikali na kampuni walikanusha. Wanasheria wa LEAT, akiwemo Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, walitaka uchunguzi huru. Novemba 2001 polisi walipekua ofisi za LEAT na nyumba ya Lissu jijini Dar. Walichokuwa wanakitafuta ni pamoja na mikanda ya video. Mwaka 2002 Lissu, Nshala na Augustine Mrema walishtakiwa kwa uchochezi. Mwaka huohuo ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia ilitoa ripoti ikisema madai hayana ushahidi wa kutosha, LEAT nao wakaipinga ripoti hiyo. Hadi leo pande mbili hazijakubaliana kuhusu kilichotokea wala mikanda ile inathibitisha nini.

Mimi sio hakimu wa jambo lile. Ninachosema ni kwamba kanda ya video iliwahi kuwa kitu kizito kiasi cha polisi kugonga mlango. Ungekuwepo ushahidi wa picha wenye tarehe, mahali na mtu wa kuutolea maelezo, ubishi ule usingedumu hivyo.

Njoo kwenye mambo ya kawaida zaidi. Nyumba jirani na mgodi ina ufa. Mwenye nyumba anasema ni milipuko. Mgodi unasema nyumba ilijengwa vibaya. Nani mkweli? Video ya mtaa ule iliyopigwa kabla, hata kama ilipigwa kwa ajili ya uzinduzi wa kisima, inaweza kuonyesha ukuta ukiwa mzima. Au Mwadui, Novemba 2022, bwawa la mabaki ya mgodi wa almasi lilipopasuka na tope kufunika mashamba na makazi. Fidia inaanza na swali moja: hapa palikuwa na nini? Aliyekuwa amepiga picha pale kabla ana jibu mkononi. Akiwa amefuta, tunabaki na maneno.

Tuwe wakweli pia. Kamera huwa zinakuja tukio likiwa kubwa. Nyangalata kule Kahama mwaka 2015, wachimbaji walipotolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, picha zilikwenda duniani. Geita Januari 2017, watu 15 walipookolewa kwenye mgodi wa RZ, vilevile. Lakini wiki moja kabla ya shimo kuanguka, nani alikuwa analipia picha za magogo yaliyooza? Hakuna.

TUFANYEJE?

Kumwambia kijana aache kazi za migodi ni maneno ya aliyeshiba. Mkono mtupu haulambwi. Na video ya zahanati sio uongo, zahanati ipo na akina mama wanajifungua pale. Tatizo ni kwamba inakuwa ndiyo picha pekee.

Kwa wenye kamera, mawazo yangu ni haya:

1. Kazi bila maandishi ni kimeo. Hata ukurasa mmoja unatosha: tarehe ya malipo, marekebisho mara ngapi, na nusu ya hela kabla hujawasha kamera.

2. Uliza mapema nani anabaki na picha ghafi. Usisubiri siku ya kukabidhi diski. Mkataba ukiruhusu, tunza nakala na uandike tarehe na mahali. Ukikataza, heshimu, ila ujue umeuza nini na bei ipande.

3. Unganeni watu wanne au watano, sajilini jina BRELA, pateni TIN na EFD. Mmoja mmoja mtaendelea kupigiwa simu usiku.

Na kwa halmashauri: ile mipango ya kila mwaka ya hela za migodi ina mafungu ya madarasa na barabara. Tengeni fungu dogo la kupiga picha vijiji kabla na baada, na nakala ikae ofisi ya kijiji, sio ya mgodi. Ni hela ndogo kuliko ya sherehe moja ya makabidhiano.

Dhahabu ikitoka imetoka, hairudi. Angalau tubaki na picha ya mahali ilipotoka, iliyopigwa na mtu wetu na kutunzwa na sisi wenyewe.

Wa Geita, Katoro, Kahama na Shinyanga mjini, mnaofanya kazi hii mnalipwaje? Mwageni mambo hapo chini. Na wa migodini msiwe kimya, uwanja ni wa wote.

Naomba kuwasilisha.