Mkazo Mmoja, Maneno Mengi ya Kihispania

Nilipokuwa nikiishi Madrid, niliombwa nimsindikize mama mmoja, mwenzetu wa pwani, kwa daktari ili nimfasirie. Mama akasema, "Mwanangu, mawazo yamenizidi, usingizi sipati." Nami kwa pupa nikamwambia daktari kwamba ana *tensión*. Daktari akamfunga mkono, akampima presha, akaikuta shwari, akaturuhusu twende zetu. Kosa lilikuwa langu: Mhispania akitaja *tensión* mbele ya tabibu, huwa anasema shinikizo la damu.

Kilichoniponza ni kupitia Kiingereza. Neno *stress* ni kapu lililotiwa kila kitu, na mfasiri akilibeba zima zima hujikuta ameuza nazi kwa bei ya embe. Ndiyo maana siafiki mazoea yetu ya kuifikia kila lugha ya kigeni kwa mlango huo mmoja.

Anayetaka kutilia jambo mkazo katika maneno yake, Mhispania humpa *hacer hincapié*, yaani kukita mguu ardhini. Wahandisi nao wana *esfuerzo* ya boriti na vyuma. Hao nawaacha na hesabu zao.

Kwetu watunzi, utamu uko katika *acento*, mkazo wa silabi. *Término* ni kikomo, *termino* ni namaliza, *terminó* ni alimaliza. Sisi tunayo barabara ya kupita na barabara ya sawasawa, ila maandishi yetu huificha tofauti hiyo, wao huiandika. Tena kwao mkazo huingia hata katika mizani: mshororo ukiishia kwa silabi yenye mkazo, huongezewa mizani moja, mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho, hupunguzwa moja. Mtunzi wetu aliyezoea kuhesabu nane kwa nane kwa vidole atadhani wamepotea. Na anayeandika *estrés* mahali pa *acento* katika somo la arudhi, huyo ameulaza ushairi wodini.

Mama yule alistahili *estrés*, na zaidi *agobio*, neno lenye asili ya Kilatini ya nundu: mtu aliyeinamishwa na mzigo. Ni kuelemewa kwetu hasa.

Tuliporudi juma lililofuata nilisema, "*Está agobiada*." Daktari akaweka kalamu chini, akavuta kiti karibu na mama, akaniomba nimuulize ni mzigo gani.