Simu ya mkopo: ufunguo anao nani?

Nchini Kenya leo, mtu anaingia dukani na malipo ya awali, anatoka na simu janja, halafu analipa kidogo kidogo kila siku kwa M-Pesa. Wenyewe huita lipa mdogo mdogo. Asipolipa, simu inajifunga na kwenye skrini kunabaki ujumbe wa kumdai. Hakuna dalali anayebisha hodi.

Mtindo huu haukuanzia kwenye simu. M-KOPA iliingia sokoni mwaka 2012 ikiuza mitambo midogo ya umeme wa jua, ambayo nayo huzimwa kwa mbali malipo yakikoma. Wala tusiubeze. Mama mboga asiye na hati ya shamba wala barua ya mwajiri, benki ngapi zingempa mkopo? Hapa dhamana ni kifaa chenyewe, na mkopeshaji hana wasiwasi kwa sababu swichi iko mkononi mwake.

Tatizo linaanza pale kifaa kinapokuwa ndiyo kazi. Mwendesha bodaboda anayepata wateja kupitia programu ya simu, mvua ikinyesha kutwa akakosa pesa ya kulipa, kesho yake hata jua likiwaka hapati mteja. Deni limefunga mlango uleule ambao pesa ya kulilipa ingepitia.

Kenya ina sheria ya mwaka 1968 kuhusu bidhaa zinazonunuliwa kwa mafungu huku mnunuzi akihesabiwa kuwa amezikodi. Mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei, muuzaji haruhusiwi kuichukua mali hiyo bila kwenda mahakamani. Lakini simu iliyofungwa haijachukuliwa na mtu. Iko mfukoni mwa mwenyewe, haifanyi kazi. Je, huko si kunyang'anywa? Kwa maoni yetu ni kunyang'anywa, tena bila hakimu kusikiliza upande wa pili.

Na si simu pekee. Kwa baadhi ya pikipiki za umeme zilizoko Nairobi na Kigali, mwendeshaji hununua chombo, lakini betri hubaki mali ya kampuni, naye huibadilisha kituoni kwa malipo.

Anayekaribia kuweka saini aulize mambo matatu: simu hufungwa baada ya siku ngapi, ikifungwa bado inapiga namba za dharura, na deni likiisha, ile programu ya kufunga huondolewa na nani?