Tusikate tuyo za pele bila kupima

Ndugu wanakoperative, kwenye bonde la Ruzizi matete yanaziba mifereji ya mpunga, na wengi wanataka kufunga mashini ya kukata majani kwenye pele ya kuchimba. Wazo ni zuri. Lakini kuiunga tu kwenye tuyo za ndoo, mimi nakataa. Ndoo inafanya kazi na kupumzika. Mota ya kukata inazunguka muda wote, mafuta yanachemka. Iko na litre zake kwa dakika na bar zake. Tena mota nyingi zinaomba tuyo ndogo ya tatu, yenye kurudisha mafuta moja kwa moja kwenye tanki. Ikikosekana, presha inapasua mpira wa ndani. Heri tumulipe fundi mwenye kipima-presha leo, kuliko kununua pompe mpya wakati mpunga unangoja maji. Na mafuta yakivuja, tusitafute tundu kwa mkono: presha inayaingiza chini ya ngozi.