Ukumbusho Hauishii Kwenye Uzio

Katika makutano ya barabara za Samora na Azikiwe, Dar es Salaam, imesimama Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hakuna aliyeibomoa. Hata hivyo majengo marefu yameizunguka, nayo imekuwa ndogo machoni mwa wapitao.

Somo hilo linauhusu mkoa wa Mara. Huko Butiama, penye kilima cha mawe cha Mwitongo, amezikwa Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Amiri Jeshi Mkuu wakati wa Vita vya Kagera vya 1978–1979. Butiama sasa ni wilaya, na kama ilivyo Musoma na Bunda, haina budi kujengwa. Je, kilima kitaendelea kuonekana?

Wengi hudhani kwamba uzio unatosha. Hesabu ya pembetatu zinazofanana yakanusha dhana hiyo. Tuseme mtu amesimama penye tambarare, jicho lake likiwa mita 1.5 juu ya ardhi, akitazama kilele chenye kimo cha mita 31.5 kilicho umbali wa mita 300. Mstari wa macho yake hupanda mita 1 kwa kila mita 10. Jengo lililo mita 200 kutoka kwake litakiziba kilele likizidi mita 21.5, lililo mita 100 litakiziba likizidi mita 11.5 tu, yaani takriban ghorofa tatu. Kwa hiyo hatari kubwa haiko karibu na kilima, bali karibu na mtazamaji, mahali ambapo uzio haufiki.

Jijini London jambo hili lilitambuliwa mapema: tangu miaka ya 1930 urefu wa majengo umewekewa mipaka ili kuba la kanisa la St Paul's lisifichwe.

Yupo atakayesema kwamba mipaka hiyo huzuia maendeleo. Ni kweli kwamba mwenye kiwanja aliyekatazwa kuongeza ghorofa hupata hasara, na ni haki ashirikishwe kabla ya uamuzi. Lakini kinachotakiwa si kuzuia ujenzi wote. Ni kuchagua sehemu chache za kutazamia na kuilinda mistari yake katika ramani ya mipango miji. Wanafunzi wa sekondari wa Mara, kwa kamba, kipimapembe na hesabu hiyo, waweza kuanza kuipima. Kumwambia mtu kipimo kabla hajachimba msingi ni rahisi kuliko kumbomolea ghorofa.