Ukisusa, Wenzio Wala: Ususiaji wa Bidhaa na Wajibu wa Mnunuzi

Wahenga walinena, "Ukisusa, wenzio wala." Methali hii hutumiwa kumkanya mtu anayejitenga na jambo kwa hasira akidhani kwamba kutokuwapo kwake kutawakosesha wengine raha. Sinia husalia pale pale, wali huliwa, na aliyesusa hulala na njaa. Methali hiyo hiyo hutajwa kila unapotolewa mwito wa kususia bidhaa za kampuni inayodaiwa kuwadhulumu wafanyakazi, kuchafua mito au kuwahadaa wateja. Mnunuzi mmoja akiacha sabuni ya shilingi hamsini rafuni, huulizwa, kampuni yenye mtaji wa mabilioni itatikisika kwa lipi?

Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa jazba. Makala haya yanashikilia kwamba methali ni kweli juu ya kususa, lakini si kweli kila mara juu ya kususia. Sarufi yenyewe ya Kiswahili yatoa mwanga. Kitenzi "susa" chaweza kusimama pekee bila yambwa: mtoto amesusa, basi. "Susia", katika kauli ya kutendea, chadai kitu mahususi kinachosusiwa: mkutano, karamu, bidhaa. Anayesusa hushughulika na hisia zake. Anayesusia humwelekea mwingine na kumtaka abadili mwenendo. Tofauti hii ya kisarufi ndiyo pia tofauti baina ya ususiaji unaofaulu na ule unaoishia kuwa kelele za siku mbili.

Historia yadhihirisha jambo hili. Waingereza walilitwaa jina la Charles Boycott wakalifanya kuwa neno la kutaja kitendo hiki. Bwana huyu alikuwa msimamizi wa mashamba ya Lord Erne katika Kaunti ya Mayo, Ireland. Mwaka 1880 wapangaji walidai kodi ipunguzwe, naye akataka kuwafukuza baadhi yao. Majirani hawakumpiga wala kumchomea nyumba. Walikataa kumvunia mazao, kumuuzia chakula na hata kumfikishia barua. Ilibidi waletwe vibarua kutoka kaskazini, nao walindwe na mamia ya askari. Gharama ya ulinzi huo ilipita kwa mbali thamani ya mazao yaliyovunwa, na kabla ya mwaka kwisha Boycott alikuwa ameihama Ireland. Kwa hakika wenzao walikula, lakini chakula chenyewe kilikuwa ghali kiasi kwamba hapana aliyetaka kukipakua tena.

Mfano wa karibu zaidi watoka Zanzibar. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilikipa Chama cha Wakulima wa Karafuu ukiritimba wa biashara ya karafuu za kuuzwa ng'ambo. Wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi waliisusia biashara hiyo, na huko India chama cha Congress kikawahimiza watu wasinunue karafuu za visiwani. Kwa kuwa India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa zao hilo, serikali ililazimika kuingia katika mapatano mwaka 1938. Liwe liwalo kuhusu maslahi ya kila upande, jambo moja li wazi: waliosusia ndio waliokuwa wamelishika soko. Lau wangalikuwa wanunuzi wadogo waliotawanyika, ukiritimba ule usingalitetereka.

Wanafunzi wa vyuo vikuu nao wana nafasi yao katika historia hii. Tarehe 26 Juni 1959, katika mkutano uliofanyika London, ambapo Julius Nyerere alikuwa mmojawapo wa wasemaji, ulizinduliwa mwito wa kususia bidhaa za Afrika Kusini. Mwito huo ndio uliozaa vuguvugu la Uingereza la kupinga ubaguzi wa rangi. Kwa miaka mingi baadaye wanafunzi wa Uingereza walikataa kuweka akaunti katika benki ya Barclays kwa sababu ya biashara yake nchini humo. Mwanafunzi hana fedha nyingi, lakini benki hujua kwamba mwanafunzi wa leo ndiye daktari na wakili wa kesho. Mwaka 1986 Barclays iliuza hisa zake za Afrika Kusini. Ifahamike kwamba wanafunzi hawakuwa peke yao, kwani uchumi wa nchi ile ulikuwa tayari umeingia mashakani. Hata hivyo, benki haikuweza tena kudai kwamba wateja hawakujali.

Iwapo ndivyo, mbona miito mingine hufifia? Novemba 2017, baada ya uchaguzi uliozua utata, muungano wa NASA uliwataka wafuasi wake nchini Kenya wasusie bidhaa na huduma za kampuni tatu kubwa: ya simu, ya maziwa na ya mafuta ya kupikia. Maziwa na mafuta yalikuwa na mbadala dukani. Huduma ya M-Pesa ilikuwa jambo jingine, kwani mwenye kibanda hupokea malipo kwayo, mzazi hutuma karo kwayo, na mwenye kuihama huwahama pia wote anaoshirikiana nao. Isitoshe, mwito wenyewe ulifungwa kwenye mvutano wa kisiasa kuliko kwenye dosari fulani ambayo kampuni zingeweza kuirekebisha na kusamehewa. Viongozi waliposalimiana hadharani tarehe 9 Machi 2018, mwito ule ulibaki bila mwenyewe.

Kutokana na mifano hii, masharti ya ususiaji wenye tija yanajitokeza. Kwanza, dai liwe moja na linalotekelezeka. Pili, kuwe na mbadala ambao mtu wa kawaida aweza kuumudu. Tatu, wanaosusia wawe na uzito katika soko linalohusika, na kuwe na chombo cha kuwaunganisha kwa muda mrefu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nne, na hili ndilo husahaulika zaidi, wanaodhulumiwa wenyewe wawe wameulizwa.

Sharti hili la nne lastahili kutafakariwa katika nchi inayouza chai, maua na matunda ng'ambo. Mnunuzi wa Ulaya akiacha kununua waridi kwa kumhurumia mchumaji, huenda huruma hiyo ikawa ndiyo barua ya kumwachisha kazi mchumaji yule yule. Jengo la Rana Plaza lilipoporomoka nchini Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013 na kuua zaidi ya watu 1,100, watetezi wa wafanyakazi hawakuomba nguo za Bangladesh ziachwe madukani. Walidai kampuni za ng'ambo zitie sahihi mkataba wa lazima wa usalama wa viwanda, nazo nyingi zikaanza kutia sahihi mwezi uliofuata. Shinikizo la wanunuzi lilikuwa na manufaa kwa sababu lilipelekwa mahali ambapo wafanyakazi walitaka liende.

Thika nayo ina somo lake. Mwaka 1999 Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni shirika lisilo la kiserikali, ilishirikiana na watetezi wa Italia katika kampeni dhidi ya hali ya kazi katika shamba la mananasi la Del Monte. Wanunuzi wa Italia wakahimizwa kuyasusia mananasi hayo ya mkebe. Kampeni ilisitishwa mwaka 2001 baada ya makubaliano kufikiwa. Mkulima wa Murang'a asingaliweza kuitikisa kampuni hiyo kwa kutonunua mkebe ambao hata hivyo hakuwa akiununua. Nguvu ilikuwa ng'ambo, na ujuzi wa hali halisi ulikuwa Thika. Viwili hivyo vilipokutana, mazungumzo yakawezekana. Lakini mwaka 2023 shamba hilo lilirejea katika vichwa vya habari kutokana na madai ya ukatili wa walinzi, na maduka ya Tesco ya Uingereza yakasitisha kununua mananasi yake. Ushindi wa wanunuzi, basi, haudumu wenyewe, huhitaji kulindwa.

Hapa ndipo hoja ya wajibu wa mnunuzi inapohitaji kupimwa kwa uadilifu. Kuna wahubiri wa maadili ya ununuzi wanaomtwika kila mtu mzigo ulio sawa. Mama anayenunua mafuta ya kupikia ya kupimiwa, kidogo kidogo, hachagui kampuni, huchagua bei. Kumwambia kwamba ameshiriki dhuluma ni kumwongezea dhuluma. Wajibu huenda na uwezo. Chuo kikuu kinachonunua chakula cha maelfu ya wanafunzi, hospitali, kaunti na wizara ndio wanunuzi wakubwa wanaoweza kuuliza mchele umetoka wapi na aliyeuvuna alilipwa nini. Chama cha wanafunzi chaweza kuuliza swali hilo kwa niaba ya wengi, na swali la wengi ni vigumu kulipuuza.

Zaidi ya hayo, ni lazima sheria ishike pale mikono ya wanunuzi inapochoka. Kampeni ya kususia bidhaa za Nestlé ilianza Marekani mwaka 1977 kwa sababu ya namna maziwa ya unga ya watoto yalivyotangazwa katika nchi maskini. Matunda yake makubwa hayakuwa hasara ya kampuni, bali kanuni za kimataifa zilizopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981. Kenya nayo ilitunga sheria ya kudhibiti biashara ya vibadala vya maziwa ya mama mwaka 2012. Leo mama wa Kitui halazimiki kujua lolote juu ya kampeni ile ili alindwe nayo.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 champa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari za kumwezesha kufaidika nazo kikamilifu. Ni kifungu chema, ila chamtazama mnunuzi kama mlaji tu. Hakimpi wazi haki ya kujua hali ya mikono iliyoandaa chakula chenyewe. Pasipo habari hizo, wito wa kununua kwa maadili ni sawa na kumtaka kipofu achague rangi. Wanaopigania haki za watumiaji wangefanya vyema kuanzia hapo: kudai kampuni zitangaze wanakonunua malighafi, viwango vya mishahara na matokeo ya ukaguzi wa mashamba yao.

Methali, kwa hivyo, isitupwe, isomwe vyema. Yamwonya mtu dhidi ya kususa peke yake, kwa hasira, bila kujua anataka nini. Haisemi lolote juu ya siku ambayo walaji wote wataondoa mikono yao siniani kwa pamoja na kumtaka mwenye karamu aeleze kwanza ni nani aliyepika, na kama naye amekula.